Korosho Hamsini kutoka Tanga

Fundi wa sakafu alifika kabla hatujamaliza chai. Alikuja na toroli, chepe na mifuko ya saruji ambayo kaka yangu Salumu alikuwa ameiagiza bila kumuuliza mtu. Ndivyo alivyo Salumu, akiwa na huzuni hutafuta kitu cha kujenga. Ilikuwa siku ya tatu baada ya arobaini ya Mama. Wageni wa khitma walikuwa wamesharudi makwao, masufuria ya kuazima yamerudishwa, na nyumba yetu ya Mikindani ilibaki na sisi wawili na ukimya ambao hakuna aliyejua auweke wapi. Fundi akasimama katikati ya ua, akatazama chini, akasema kwa sauti ya mtu aliyesomea kazi yake, "Hapa kwanza tujaze hili korongo. Maji ndiyo yamekula." Nikamwambia si maji. Akanitazama akisubiri nimwambie basi ni nini, nami nikamwacha hapo, kwa sababu jibu lenyewe ni refu na nilijua nikilianza nitalia mbele ya mtu mwenye toroli.

Kile alichokiita korongo ni kijia. Kinaanzia mlango wa jiko, kinapita kando ya pipa la maji, kinazunguka mpapai, kinafuata ukuta wa mawe mpaka mlango wa bafu, kisha kinarudi jikoni. Kimezama vidole viwili, na pale kwenye kona ya mpapai, Mama alipopenda kugeukia kwa kisigino, vitatu. Hakukichimba kwa jembe. Alikichimba kwa kutembea, miaka kumi na zaidi, asubuhi na alasiri, na mwaka wa kwanza wa kukichimba ndio mwaka niliokua mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, kwa hiyo machoni pa watu nilikuwa mtu mzima tangu zamani. Nilikuwa na cheti cha ushonaji, cherehani ya kupiga kwa miguu, na maoni juu ya kila kitu. Lakini kukua hasa nilikulia humu uani, mwaka aliofariki Baba, nikihesabu korosho.

Habari za Baba sitazirefusha. Alikuwa dereva wa lori, alizijua Kilwa, Dar, Bagamoyo na Tanga kama mimi ninavyoijua meza yangu ya kukatia vitambaa, na Mama, aliyezaliwa Msimbati akaolewa Mikindani, hakuwahi kuvuka Lindi. Baba alipoondoka ghafla, Mama akaingia eda, na eda ya kwetu haina mzaha: miezi minne na siku kumi hakuna kuvuka kizingiti ila kwa dharura, hakuna wanja, hakuna marashi, hakuna kuonana na mwanamume asiye maharimu. Chumba chake kilikuwa kile cha ndani chenye dirisha dogo kama la duka la vocha. Redio ya Baba ilikuwa imefunikwa kitambaa, makubazi yake ya ngozi yamepangwa chini ya kitanda kama vile yupo bafuni na anarudi. Mama alilala ameuelekea ukuta. Nilimpelekea uji wa mtama, ukarudi na utando juu. Nilimpelekea samaki wa kuchoma na kisamvu, vikarudi. Kilichonitisha zaidi ni miguu. Mama alikuwa na kisukari, na siku moja nilipokuwa namkanda nilimfinya kidole gumba kwa bahati mbaya, kwa nguvu, wala hakushtuka. Aliniuliza tu kama nimeshaanza kumkanda.

Hiyo ilikuwa dharura, nikampeleka kliniki. Nesi alikuwa mama mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa uzi, akamgusa nyayo kwa ncha ya kalamu, hapa na hapa na hapa, kisha akavua miwani. "Mama, eda yako siwezi kuiingilia, nami Mwislamu mwenzio. Ila sukari haikai eda. Ukilala hivi miezi minne, hii miguu utakuja kuiita isikuitike." Akamwambia atembee, humo humo ndani, avae viatu hata uani, asikanyage chini na nyayo tupu. Mama akaitikia kwa heshima zote, tukarudi nyumbani, akalala akauelekea ukuta. Alasiri ile shangazi yetu, Bi Mwanahawa, dada wa Baba, alikuja kutoka Likombe na wanawake wawili kutusaidia kupika. Nilikuwa nachambua mchele nyuma ya mlango wa jiko, wao hawakuniona. Nikamsikia Shangazi akisema polepole, bila ubaya wowote, "Wifi huyu hatoki eda kwa miguu yake. Tutamtoa tumembeba." Hakuna aliyempinga. Nikaendelea kuchambua mchele ule mpaka nikawa natupa mchele na kubakiza mawe.

Salumu alikuwa mwalimu Tanga. Alikuja mazishini, akakaa siku saba, akarudi kazini, na moyoni nilikuwa nimemwekea kinyongo kikubwa kuliko nyumba. Alipopiga simu kusema ana wazo, nilidhani anakuja. Kumbe wazo lenyewe ni mchezo wa simu. Kuna watu, alisema, wameanzisha safari ya kutembea pwani yote ya Tanzania bila mtu kuondoka kwake. Kila mmoja anatembea mtaani kwake, anaingiza umbali wake kwenye simu, na nukta nyekundu inasogea kwenye ramani ya pwani. Familia inaweza kuwa timu moja, umbali wa wote unajumlishwa. Yeye angetembea kwenda na kurudi shuleni, mimi ningetembea sokoni, na Mama angetembea uani. "Mchezo?" nikamwambia. "Mama anapotea, wewe umekaa huko unamletea mchezo?" Nilimwambia na mengine ambayo dada mdogo hamwambii kaka yake. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Zuhura, muulize Mama. Mimi siwezi kuwapo. Basi niache nitembee naye."

Nilimwuliza kwa kejeli, nikiwa mlangoni, nikiwa na sahani mkononi. Nilisema Kaka anataka tuanzie Msimbati tupande mpaka Tanga kwa simu. Halafu mgongo ule ukasema, "Tanga nina nani?"

"Si yuko Kaka Salumu, Mama."

"Salumu ndiye anifuate mimi. Mimi simfuati." Akageuka. Nilikuwa sijauona uso wake kwa siku mbili. "Mwambie aniweke huko Tanga kwanza, nianzie huko. Kwenda ugenini na miguu hii siwezi. Kurudi kwetu, labda."

Simu kiunoni aliikataa kabisa, alisema hawezi kufungwa kidubwasha kama mbuzi wa maonyesho. Kwa hiyo nikapima mzunguko wa ua kwa futi ya ushonaji, nikipiga magoti kutoka mlango wa jiko hadi mlango wa jiko, na Mama akatafuta njia yake ya kuhesabu. Katika gunia lililobaki la korosho ghafi za msimu ule alichagua hamsini, akazitia kwenye bakuli la bati la bluu mkono wa kulia wa kizingiti cha jiko. Kushoto akaweka bakuli tupu. Kila mzunguko, korosho moja inahama. Viatu vyake vyote vilikuwa vimembana kwa uvimbe, akaingiza mkono chini ya kitanda akatoa makubazi ya Baba, akayavaa bila kumtazama mtu. Siku ya kwanza alihamisha korosho nne, akaketi akihema. Ya pili sita. Nilijifanya sioni, nikapiga cherehani yangu, lakini kila baada ya muda nilisikia kwenye bati, *ting*, nami nikajikuta nimeacha kushona nasubiri ile nyingine. Mwezi ulipotimia alikuwa anamaliza hamsini asubuhi na hamsini alasiri, na uji wake wa mtama ulikuwa unarudi jikoni bakuli likiwa tupu.

Jioni niliingiza hesabu, na asubuhi, kabla ya yote, alitaka taarifa. Tuko wapi? Nilimsomea ramani. Pangani, Mama. Leo tumepita Saadani, hapo pana mbuga, wanyama wanafika mpaka ufukweni. "Basi tupite upesi," alisema, na siku hiyo akaongeza mizunguko mitano. Wakati wa kula ndipo alipofunguka zaidi. Tulikaa kwenye mkeka karibu na jiko, mimi na yeye na ugali wa mtama na mlenda na kipande cha changu wa kuchoma, naye akawa anakumbuka alicholetewa kutoka kila mji: kutoka Pangani kikapu, kutoka Bagamoyo chumvi nyeupe, kutoka Dar kila mara vikombe, "vikombe, vikombe, mpaka nikamwambia mume wangu, hao watu wa Dar hawana kingine?" Nikagundua kwamba alikuwa akizijua barabara zote za Baba kwa vitu vilivyoingia mlangoni. Na siku moja, nikiwa dirishani na sindano mdomoni, nilimsikia akisema peke yake kwenye kona ya mpapai, kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeongea na mwenzake wa safari: "Mzee, leo nimepita pale ulipoharibikiwa na gari siku tatu. Wala si mbali kama ulivyosema. Ulikuwa unanidanganya." Akacheka kidogo puani, akaweka korosho yake, akaendelea. Nilitoa sindano mdomoni, nikasubiri korosho iliyofuata.

Sasa niseme langu, maana nimewasema wengine. Wakati wa mvua kubwa ua ulikuwa tope, na siku moja Mama hakuamka. Si ugonjwa, ni ile siku tu ambayo huzuni inarudi kuchukua ilichosahau. Tulikuwa hatua chache kabla ya Bagamoyo, Salumu alikuwa amesubiri mji ule kwa hamu, nami jioni nikaingiza korosho hamsini ambazo hazikuhama. Nilidhani nafanya wema. Asubuhi nikamwambia kwa furaha, "Mama, tumeshaingia Bagamoyo!" Akaniangalia. Akatoka mpaka kizingitini, akayatazama mabakuli yake mawili, hamsini kulia na kushoto hakuna kitu, kama alivyoyaacha juzi yake.

"Jana nililala," akasema. "Nani kanibeba?"

Nikaanza kueleza, mara mvua, mara Kaka. Akainua mkono.

"Siku ile wifi aliposema jikoni kwamba mtanitoa mmenibeba, unadhani sikusikia? Ukuta wa chumba changu ndio ukuta wa jiko. Ndiyo mnaanza mapema hivi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Siku zote zile nilidhani nimeibeba siri ile peke yangu, kumbe yeye ndiye aliyekuwa amelala nayo. "Usinibebe, Zuhura," akasema, na sasa sauti ilikuwa laini. "Nikishazoea kubebwa siteremki tena." Halafu, kwa kuwa ni Mama yangu na si malaika, akaniamuru nivae viatu nizitembee zile hamsini mwenyewe, topeni, kabla sijatia kitu mdomoni. Akakaa mlangoni na sahani ya muhogo wa kuchemsha, akawa anakula taratibu huku akinihesabia kwa sauti, na kila nilipofupisha kona ya mpapai alisema, "Hiyo rudia." Kwenye thelathini na kitu nilikuwa nimelowa, nina njaa, nimekasirika, na nilikuwa najua kwa mara ya kwanza anachokifanya mwanamke huyu kila siku akiwa na miguu isiyomwambia inapokanyaga.

Mkasa wa Kilwa uliletwa na Salumu, kwa furaha yake. Asubuhi ile nukta ilipoingia Kilwa aliandika kwenye kundi la simu la ukoo: "Alhamdulillah, Mama ameingia Kilwa leo asubuhi. Miguu imevimba kidogo lakini ana nguvu. Wiki ijayo Lindi, inshallah." Hakuongeza neno. Sisi watatu tulikuwa tumeuzoea mchezo kiasi kwamba tulisahau kuna watu duniani hawaujui. Shangazi Mwanahawa hakuwa na simu ya namna hiyo, mjukuu wake alimsomea. Eda ya kaka yake haijaisha, na mjane yuko Kilwa, kwa miguu! Alasiri bajaji ilisimama nje, mlango ukagongwa kama unavunjwa, na Shangazi akaingia na buibui limekaa upande, hata salamu yangu hakuitikia.

"Mama yako yuko wapi? Kilwa anatafuta nini? Kaka yangu hata udongo haujakauka, yeye anazurura mabarabarani! Nani kampa ruhusa? Salumu? Nitamla nyama Salumu!"

Nilijaribu kusema, sikupewa nafasi. Akapita ukumbi, akapita chumba, akatokea uani, na pale mbele yake Mama akatokea nyuma ya mpapai, kanga kichwani, makubazi ya Baba miguuni, mdomo ukihesabu. Alikuwa kwenye arobaini na moja. Hakusimama. Alimwinulia wifi yake kiganja, kumwomba subira, maana akikatishwa hesabu inapotea, akapita mbele yake, akaweka korosho, *ting*, akaenda zake tena kulizunguka pipa. Shangazi aliketi juu ya kinu. Alitazama mizunguko tisa yote bila kusema kitu, na mtu anayemjua Bi Mwanahawa anajua hiyo ilikuwa nini. Mama alipomaliza ndipo akaja kukaa karibu naye, akafuta jasho, akasema, "Karibu, wifi. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa nani yuko Kilwa?"

"Miye."

"Na hapa nani?"

"Miye."

Shangazi akanigeukia mimi. "Huyu sukari imepanda kichwani."

Ikabidi nilete simu, nimwonyeshe nukta. Aliitazama kwa karibu, akaitazama kwa mbali, akaniuliza mara tatu kama nukta ile inaonekana na wanaume. Kisha akanyanyuka, akaweka buibui sawa, akaenda mwenyewe kwa maalimu wa mtaa wetu kuuliza kama mjane anayetembea kwa simu amevunja eda. Tulisubiri. Mama hakuonyesha wasiwasi, lakini hakugusa chai, na mimi nilielewa: kama maalimu angesema hapana, Mama angetii, angerudi chumbani, na ukuta ule ulikuwa unamngoja. Shangazi alirudi karibu na magharibi, uso wake haujulikani ni habari gani. "Kaniuliza swali moja," akasema. "Miguu yake imevuka kizingiti? Nikamwambia haijavuka. Akasema basi atembee, tena akifika na Mtwara awasalimie watu wa huko." Akavua buibui akalitundika kwenye msumari wa jiko. "Na mimi sukari ninayo, hamjui tu. Niwekeni hapo Kilwa, nianze naye."

"Aa, wifi," Mama akasema. "Kilwa nimefika kwa jasho. Wewe anzia Tanga kama mimi."

Walibishana juu ya jambo hilo mpaka chakula kikapoa, na Shangazi akashindwa. Tangu hapo alikuja karibu kila alasiri kutoka Likombe, na ua ukawa na wanawake wawili wazito wanaofuatana kwenye kijia kimoja, mmoja yuko Kilwa na mwingine ndiyo kwanza anatoka Tanga, wakipigana vikumbo kwenye kona ya bafu na kutupiana maneno. "Pisha, mtu wa Pangani." "Mnaotoka mjini mna kiburi." Safari ya Shangazi haikuwa kwenye simu, Salumu alisema timu imeshafungwa, nikaiandika kwenye daftari langu la vipimo vya wateja, katikati ya mabega na viuno vya watu. Sijawahi kuwa na alasiri nzuri kama zile. Walimsema Baba mpaka nikamfahamu upya, jinsi alivyokuwa mtoto mwoga wa kuku, jinsi alivyoimba vibaya. Shangazi alimlilia kaka yake akiwa anatembea, Mama naye akamlilia mumewe akiwa anatembea, na hakuna aliyesimama.

Lindi ilipita. Halafu ikaja siku ambayo hatukuwa tumeiwaza, ingawa ramani ilikuwa mbele ya macho yetu muda wote: nukta ilikuwa inakuja Mikindani. Nilimwambia Mama asubuhi kwamba leo tunapita hapa hapa. Akaoga, akabadilisha kanga. Kwenye korosho ya ishirini na kitu, mahali nilipomkadiria, akaacha kijia, akaenda kwenye mlango wa ua unaotokea uchochoroni, ambao ulikuwa umefungwa komeo tangu mazishi, akaugonga kwa ndani kwa vidole. "Hodi," akasema. Akanigeukia akisubiri. "Hodi wenyewe! Mgeni wenu katoka Tanga kwa miguu." Shangazi ndiye aliyejibu kutoka jikoni, "Karibu, pita ndani!" na Mama akacheka. Hakucheka puani, alicheka kwa mdomo wote, akishika ubavu, akishika mlango. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu Baba yuko hai. Nikamtengenezea mgeni chai isiyo na sukari, akanywa amesimama, akasema hawezi kukaa, kwao bado.

Salumu aliomba likizo akaja. Tulikubaliana kuacha vipande vya mwisho bila kuviingiza, ili nukta isubiri karibu na Msimbati mpaka eda iishe. Mama hakukubali kuacha kutembea, alisema miguu haijui mambo yenu, akaendelea na korosho zake ambazo hazikuandikwa popote. Alfajiri ya kutoka eda wanawake walimwogesha, akavaa kanga mpya, akapakwa mafuta mazuri, na Shangazi, ambaye alikuwa amejiandaa tangu zamani kumshika mkono, akampa mkono. Mama akaupokea, akaubusu, akaurudisha. Akavuka kizingiti peke yake. Shangazi alinitazama juu ya bega lake, machozi yanamtoka, akasema kwa midomo bila sauti, kama mtu aliyejua kwamba nilimsikia siku ile, "Nilikosea."

Siku iliyofuata Salumu alikodi gari tukaenda Msimbati wanne. Njiani Mama alinunua ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini ya kwetu, kwa mwanamke mwenye beseni, akagawa, yake akaila miwili tu, akakumbuka sukari. Tukashuka mahali ambapo simu ilisema bado kilomita tatu. Mchanga wa Msimbati ni mgumu maji yakitoka, magari yanapita juu yake, na kwa mbali unaona miti ya upande wa Ruvuma. Mama alikuwa amefunga korosho kwenye ncha ya kanga. Akavaa makubazi ya Baba. Shangazi alikataa kushuka. "Mimi daftari linasema nimepita Bagamoyo juzi. Siwezi kutembea Msimbati sijafika." Akabaki garini mlango wazi, akila ming'oko yetu.

Tulitembea Mama katikati, mimi na Kaka pembeni, na hatukumshika. Kinyongo changu kwa Salumu nilikitafuta siku ile nikakikosa. Jua lilikuwa kali, Mama alisimama mara mbili kupumua, na kila aliposimama Salumu alinyoosha mkono, nami nikautikisia kichwa ule mkono mpaka ukarudi. Hatimaye simu ikalia wimbo wa kijinga wa hongera. Salumu akaangalia, akaanza kulia hadharani, mwalimu mzima. "Mama, tumefika! Simu inasema tumemaliza."

"Iambie ahsante," Mama akasema, akaendelea kutembea.

Alikwenda mpaka mbele kabisa, mahali palipokuwa na nyumba ya mama yake, ambapo sasa pana minazi mitatu na kipande cha msingi. Akaketi juu ya msingi ule, akavua makubazi, akayakung'uta mchanga, moja, la pili, kwa uangalifu kama anavyofanya mtu anayerudisha kitu cha watu. Nilimpenda Mama maisha yangu yote. Lakini siku ile nilimstaajabia, na tangu hapo sijamstaajabia mtu mwingine hivyo. Pwani nzima aliitembea kwenye ua ambao mimi naweza kuuvuka kwa hatua kumi na nne. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na sukari ile ile, na korosho hamsini asubuhi na hamsini alasiri, zikioza anabadilisha. Mwezi uliopita tulimzika na miguu yake yote miwili.

Haya yote ndiyo niliyotakiwa kumwambia fundi. Badala yake nilikwenda kugombana na Salumu barazani. Alisema ua ukipigwa sakafu utakuwa safi, mvua haitasumbua. Nilisema yeye ndiye aliyeuleta mchezo ule, anawezaje. Akasema kwa sauti ndogo, "Siwezi kukiangalia kile kijia, Zuhura. Nikifungua macho asubuhi, hicho hapo." Nikaketi kando yake. Tulikuwa tumekaa hivyo tuliposikia bajaji. Shangazi Mwanahawa sasa ni mzee sana. Baada ya eda ile aliendelea kuja mara moja moja, halafu goti likamkataza, na fimbo anayotembelea ameipinda kwa uzito wake. Alitupita bila salamu, kama siku ile ya Kilwa, akaenda moja kwa moja uani. Tulimfuata. Aliitazama saruji, akamtazama fundi, akakitazama kijia kwa muda mrefu. Kwenye kizingiti cha jiko mabakuli mawili yalikuwa bado yapo. Hakuna aliyekuwa ameyagusa.

"Zuhura, lile daftari lako unalo?"

Nililikuta chini ya cherehani, kurasa zake zimekuwa za njano. Nikalifungua katikati ya mabega na viuno vya watu ambao wengine wameshakufa.

"Mimi mliniacha wapi?"

"Bagamoyo umeshaivuka, Shangazi. Dar bado."

"Na Msimbati?"

"Mbali, Shangazi. Mbali sana."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa alichokitegemea. Salumu akaenda kumshika kiwiko, Shangazi akauondoa mkono ule taratibu. Akaegemeza fimbo ukutani, akainama kwa shida, akachukua korosho moja kutoka bakuli la kulia, akaifumba kiganjani, akauweka mguu wake ndani ya kijia.

"Fundi," akasema bila kugeuka, "utarudi nikishafika."